Usingizi wa Watoto na Mlango wa Usiku



Somo letu la leo lahusu saa zilizo baina ya Isha na Alfajiri, na namna mtoto wa skuli azitumiavyo.

Kila mzazi hufunga mlango wa nyumba yake usiku, na mgeni akibisha huulizwa: "Nani?" Suratun Nur imetufunza kuwa mtu asiingie nyumba isiyo yake ila kwa idhini, na hata watoto wa nyumbani wameamrishwa waombe idhini nyakati tatu, mojawapo ni baada ya Isha. Basi simu iliyo chini ya mto wa mtoto ni mlango usio na komeo. Aingiaye kwa mlango huo hapigi hodi, wala mzazi hamwoni.

Jambo hili si la miji mikubwa tu. Hapa Rongai, nasema Rongai ya Nakuru iliyo katika njia ya Eldoret, siyo Ongata Rongai ya Kajiado, simu zimeingia mikononi mwa watoto kama zilivyoingia Lamu na Malindi. Mwezi wa Machi 2020 skuli zilifungwa kwa maradhi ya korona, na wanafunzi wengi hawakurudi hata Januari 2021. Katika muda ule wengi walisomeshwa kwa simu. Skuli zikafunguliwa, simu ikabaki.

Tuanze na usingizi. Mwaka 2016 wataalamu wa usingizi wa Marekani waliweka kipimo: mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12 kila siku, wa miaka 13 hadi 18, saa 8 hadi 10. Tazameni sasa hesabu ya nchi yetu iliyo karibu na ikweta. Isha huingia kiasi cha saa mbili usiku, na Alfajiri saa kumi na moja na dakika zake, masika na kiangazi. Mtoto alalaye saa mbili na nusu, akaamka saa kumi na moja na nusu kwa sala na skuli, amepata saa 9 kamili. Na katika hadithi ya Abu Barza aliyoipokea Bukhari, Mtume (s.a.w.) alichukia kulala kabla ya Isha, na kuzungumza baada yake.

Akeshaye na simu hata saa sita hubakiwa na saa tano na nusu. Mwangaza wa kioo cha simu huichelewesha melatonini, homoni itolewayo na mwili gizani ili kuleta usingizi. Asubuhi mtoto husinzia darasani, akaitwa mvivu, kumbe hakulala.

Huenda mtu akasema: "Asoma masomo yake usiku." Kanuni za elimu za mwaka 2015 zimeweka masomo ya darasani yaishe saa tisa na nusu alasiri. Toka hapo hata Isha ni zaidi ya saa nne. Na asome humo.

Ama khatari ya pili ni kubwa zaidi. Uchunguzi wa UNICEF, ECPAT na INTERPOL, uliotolewa mwaka 2021, ulionyesha kuwa hadi asilimia 13 ya watoto wa Kenya wa miaka 12 hadi 17 watumiao intaneti walipatwa na dhulma nzito za uchafu katika mwaka mmoja. Na mara nyingi mdhalimu alikuwa mtu ajulikanaye na mtoto. Huanza kwa maneno matamu na zawadi, kisha picha, kisha vitisho: "Usiponitii nitaieneza." Mtoto hunyamaza, kwani fimbo ya baba aiogopa kuliko adui.

Basi yatupasa haya:

La kwanza, baada ya Isha simu zote zilale chumbani kwa wazazi, na ya baba imo. Wa kuamshwa na aamshwe kwa saa ya mezani.

La pili, mtoto afunzwe asitoe picha yake, wala jina la skuli yake, wala asikubali siri ya kumficha mzazi, hata aombwapo na jamaa.

La tatu, ajapo na khabari mbaya asipigwe wala asitukanwe. Aambiwe: "Umefanya vyema kusema." Mdhalimu asijibiwe wala asilipwe. Ujumbe usifutwe, maana ni ushahidi. Na picha isipelekwe kwa yeyote katika jamaa. Iendewe polisi, au ipigwe simu nambari 116, ya kuwasaidia watoto, nayo ni bure usiku na mchana. Sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 na Sheria ya Watoto ya 2022 zote zamlinda.

Samaki mkunje angali mbichi. Usiku wa leo, kabla hujatia komeo mlangoni, uliza simu ya mwanao imelala wapi.

Wabillahi ttawfiq.