Nakala Kama Fasiri: Uchoraji wa Mandhari na Chapa Zake, Kutoka kwa Claude hadi Constable

Utangulizi

Katika darasa la uhakiki wa fasihi, mandhari aghalabu huja mwishoni, baada ya maudhui, wahusika na mtindo, tena hupitiwa kwa haraka: hadithi inatokea mjini au shambani, usiku au mchana. Huchukuliwa kana kwamba ni ukuta wa nyuma tu ambao wahusika wamesimama mbele yake. Ilhali neno lenyewe linatudai zaidi ya hayo. Mandhari ni neno lililotokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutazama. Kwa hivyo si nchi kama ilivyo, bali ni nchi kama inavyoonekana na mtu aliyesimama mahali fulani. Waholanzi, ambao neno lao landschap ndilo lililowapa Waingereza istilahi yao, walianzia kwenye ardhi. Sisi tumeanzia kwenye jicho.

Neno la pili litakalotuongoza ni nakala. Nalo lina asili ya Kiarabu, na mzizi wake unahusu kuhamisha, yaani kukibeba kitu kutoka hapa na kukifikisha pale. Katika matumizi ya kila siku neno hili limeshushwa hadhi; mtu akionyeshwa picha iliyopigwa chapa husema, "Hiyo ni nakala tu." Makala haya yanakusudia kulihoji hilo "tu". Hoja yetu ni kwamba katika historia ya uchoraji wa mandhari barani Ulaya, nakala haikuwa kivuli kilichoufuata mchoro. Ilikuwa fasiri: iliamua ni kipi katika mandhari kionekane, kipi kififie, na mandhari yenyewe imaanishe nini.

Ni vyema kukiri mapema kwamba mwandishi wa makala haya hajawahi kusimama mbele ya mchoro wowote kati ya ile inayojadiliwa hapa. Ameijua kwa njia ya vitabu, kadi za posta na tarakilishi. Je, ana haki ya kuizungumzia? Swali hili si geni kwetu. Mwalimu Julius Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari mwaka 1963, kisha akaisahihisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, wapo maelfu waliomjua Shakespeare kupitia kwake. Hatuwaambii kwamba hawakusoma kitu. Tunawaambia wajue kwamba wanachokisoma kimepita katika mikono ya mtu wa pili, na kwamba mikono hiyo ina kazi yake.

Claude na kitabu chake cha ukweli

Claude Lorrain alizaliwa Lorraine mwanzoni mwa karne ya 17, lakini maisha yake ya kazi aliyapitisha Roma, ambako alifariki mwaka 1682. Ndiye aliyeipa Ulaya kielelezo cha mandhari bora: miti mikubwa pembeni, maji katikati, magofu, na jua linalochomoza au kutua kwa mbali likiifunika nchi nzima kwa rangi ya asali. Alitamaniwa na wafalme na makadinali, na palipo na wanunuzi hapakosi waghushi. Filippo Baldinucci, mmoja wa walioandika habari za maisha yake, anaeleza kwamba ni kwa ajili ya waghushi hao Claude alipoanza kuweka daftari, akichora humo kwa kalamu na wino kumbukumbu ya kila mchoro uliotoka mikononi mwake. Daftari hilo, ambalo liliitwa Liber Veritatis, yaani Kitabu cha Ukweli, lina takriban michoro 200 na limehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza tangu mwaka 1957.

Tazama kinaya kilichopo. Ili kuulinda uasilia wa michoro yake, Claude alilazimika kuinakili mwenyewe. Karibu karne moja baada ya kifo chake, mchonga mabamba Richard Earlom aliigeuza michoro ya daftari hilo kuwa chapa za wino wa hudhurungi, na mchapishaji John Boydell akazitoa London katika mabuku mawili mwaka 1777. Waingereza ambao hawakuwa na nauli ya kwenda Roma, wala jamaa wa kuwafungulia milango ya makasri, walimsoma Claude humo. Walichokiona kilikuwa chapa ya mchoro wa wino uliokuwa kumbukumbu ya mchoro wa rangi. Umbali wa hatua mbili. Ile rangi ya asali haikuwapo. Uliobaki ni mpangilio: mti hapa, maji pale, nuru kwa nyuma. Labda ndiyo sababu Claude aliigwa sana kama kanuni. Chapa ilikuwa imemwondolea kila kitu isipokuwa sarufi yake.

J. M. W. Turner alijibu kitabu hicho kwa kitabu chake, Liber Studiorum, kilichotoka sehemu kwa sehemu kati ya mwaka 1807 na 1819. Alikusudia chapa 100, zikatoka 71. Aliyagawa mandhari katika makundi, miongoni mwake ya wachungaji, ya bahari, ya milima, ya historia na ya majengo, kama vile mhakiki anavyogawa tanzu. Mistari ya msingi mara nyingi aliichora kwenye bamba kwa mkono wake, kisha wachongaji wakatia vivuli. Jambo la kuzingatia ni kwamba nyingi kati ya chapa hizo hazikutanguliwa na mchoro wowote wa rangi. Ziliundwa ziwe chapa. Anayeshikilia kwamba nakala sharti iwe na asili iliyoitangulia atapata taabu hapa.

Constable, Lucas na bamba jeusi

John Constable alikuwa mtu wa tabia tofauti kabisa. Hakusafiri nje ya Uingereza. Alichora kwao Suffolk, kando ya mto Stour, ambako babake alimiliki vinu vya kusagia nafaka. Mchoro wake unaojulikana zaidi, The Hay Wain, yaani gari la kukokotwa na farasi la kubebea nyasi kavu, unaonyesha gari hilo likiwa ndani ya maji ya kina kifupi karibu na kinu cha Flatford. Upana wake ni zaidi ya sentimita 185, na kimo chake sentimita 130. Ulionyeshwa London mwaka 1821 kwa jina la kawaida kabisa, Mandhari: Adhuhuri, na haukupata mnunuzi. Mwaka 1824 mfanyabiashara wa Paris aliununua pamoja na michoro mingine miwili kwa pauni 250, akaupeleka kwenye maonyesho ya Salon, na mfalme Charles wa Kumi akautunukia nishani ya dhahabu.

Lakini mchoro huu "asilia" wenyewe ni nini? Constable aliuchora London, mbali na mto. Alitumia michoro midogo aliyokuwa ameifanya miaka ya nyuma, akatumiwa kutoka nyumbani mchoro wa gari la mavuno kwa sababu hakukumbuka vyema umbo lake, na kabla ya yote akachora rasimu ya rangi yenye ukubwa ule ule, ambayo sasa iko katika Makumbusho ya Victoria na Albert. Katika rasimu hiyo kuna mtu aliyepanda farasi ukingoni mwa mto, karibu na mbwa. Katika mchoro wa mwisho hayupo. Alifutwa, mahali pake pakachorwa pipa, na pipa nalo likafunikwa kwa rangi. Kivuli chake bado huonekana. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatashangaa. Anajua jinsi ilivyo vigumu kulikamata toleo moja la ngano na kusema, hili ndilo.

Mkewe Constable, Maria, alifariki mwaka 1828. Mwaka uliofuata Constable alianza kazi na kijana mmoja mchonga mabamba, David Lucas, ili kuigeuza michoro yake kuwa chapa. Mbinu waliyoichagua ni mezotinti, na inafaa ielezwe kwa undani, maana ndiyo kiini cha hoja yetu. Kwanza bamba la madini huparuzwa lote kwa chombo chenye meno mengi madogo, kinachobembezwa huku na huku hadi uso mzima uwe mkwaruzo mtupu. Bamba la namna hiyo likipakwa wino na kupigwa chapa, hutoa weusi mtupu. Baada ya hapo mchongaji hukwangua na kulainisha zile sehemu anazotaka ziwe na nuru: zikilainika kidogo hutoa kijivu, zikilainika sana hutoa nyeupe. Mchoraji wa rangi hutia. Mchongaji wa mezotinti huondoa. Anaanza na usiku, kisha anaukwangua hadi asubuhi ipatikane.

Constable alikuwa akizungumza siku zote juu ya mgongano wa nuru na giza katika maumbile, na alimtesa Lucas vilivyo. Chapa za majaribio zilirudishwa zikiwa zimejaa masahihisho. Wingu liliongezwa, mti ukafutwa, bamba likakwanguliwa upya. Chapa 22 zilitoka kwa mafungu kati ya mwaka 1830 na 1832, kwa gharama ya Constable mwenyewe, naye akaandika maelezo ya kuandamana na baadhi yake. Hazikuuzika. Constable alifariki mwaka 1837 akiwa ameujutia sana mradi huo. Lucas alifariki mwaka 1881 katika nyumba ya mafukara huko Fulham.

Ni rahisi kusema kwamba chapa hizo zimepoteza kijani cha Suffolk, na ni kweli. Hata hivyo, zina jambo ambalo michoro ya rangi inalificha. Katika chapa iitwayo Spring, kinu cha upepo cha familia yao kimesimama chini ya mawingu mazito, na shamba lililolimwa ni jeusi kuliko udongo wowote. Mandhari ile ile ambayo katika rangi ingeitwa ya kupendeza, hapa ina huzuni na tishio. Kwa maoni yangu, Lucas ni mfasiri katika maana kamili ya neno: hakusema kila kilichosemwa, lakini alisema kile ambacho lugha yake iliweza kukisema kwa nguvu zaidi.

Wavunaji waliopotea

The Hay Wain haukuwamo katika chapa hizo 22. Ulirejea Uingereza, ukatolewa zawadi kwa National Gallery mwaka 1886 na Henry Vaughan, na kuanzia hapo mbinu mpya za upigaji picha na uchapaji wa rangi zikaueneza. Ulitiwa kwenye kalenda, sahani, mikebe ya biskuti na mafumbo ya vipande. Walter Benjamin, katika insha yake maarufu ya mwaka 1936, alidai kwamba wingi wa nakala huivunja haiba ya pekee ya kazi asilia. Sidhani kwamba ndivyo ilivyokuwa hapa. Mchoro uliokosa mnunuzi mwaka 1821 ulipata haiba yake kwa nakala. Watu huenda kuutazama kwa sababu walikwisha kuuona kwa nyanya yao.

Kilichopotea ni kitu kingine. Hebu tuwahesabu watu walio katika mchoro huu. Wawili wako ndani ya gari. Mwanamke ameinama majini karibu na nyumba. Mwanamume yuko vichakani ng'ambo ya mto, kando ya mashua. Kisha, mbali sana upande wa kulia, ng'ambo ya malisho, kuna kundi la wavunaji wa nyasi, kila mmoja akiwa doa dogo jeupe. Hao ndio wanaolijaza lile gari. Bila wao gari halina safari. Katika mchoro wa karibu mita mbili wanaonekana. Katika kadi ya posta ni vigumu kuwatambua, na kwenye kifuniko cha mkebe wametoweka kabisa. Mandhari imebaki bila kazi.

Jambo hili si dogo. Mwaka 1822, mwaka mmoja baada ya mchoro kuonyeshwa, vibarua wa mashambani wa Suffolk na Norfolk walivunja mashine za kupura nafaka zilizowanyima kazi ya msimu wa baridi, na mwaka 1830 ghasia za aina hiyo zilienea kusini na mashariki mwa nchi. Constable, mwana wa mwenye vinu, alikwisha kuwasukuma vibarua hadi upeo wa macho. Nakala ndogo zilimaliza kazi hiyo. Ile inayoitwa picha ya Uingereza yenye amani ilipatikana, kwa sehemu, kwa kupunguza ukubwa wa karatasi.

Wapo waliolitambua hilo wakaitumia nakala kuijibu nakala. Mwaka 1980, wakati makombora ya nyuklia ya Marekani yalipopangwa kuwekwa Uingereza, msanii Peter Kennard alichukua nakala ya The Hay Wain na kuyapachika makombora juu ya gari, pale ambapo mtazamaji hutarajia nyasi. Tarehe 4 Julai 2022, wanaharakati wawili vijana wa kundi la Just Stop Oil waliingia National Gallery, wakaufunika mchoro kwa karatasi zilizopigwa chapa, kisha wakajigandisha kwa gundi kwenye fremu. Karatasi hizo zilikuwa nakala iliyogeuzwa: mto umekuwa barabara ya lami, ndege zimejaa angani, miti imeungua, na gari la nyasi limebeba mashine kuukuu ya kufulia nguo. Wageni walitolewa chumbani. Karatasi zilibanduliwa, mchoro ukakaguliwa, ukakutwa na madhara madogo kwenye fremu na vanishi, ukarejeshwa ukutani.