SOMO LA UFUNDI: TUFUNGUE REDIO YA ZAMANI BILA KUIVUNJA

Katika nyumba nyingi za Bukiriro, na vijiji vingine vya Ngara, ipo redio ya zamani. Pengine iko juu ya kabati, pengine darini karibu na moshi wa jiko. Ilinunuliwa kwa fedha za kahawa, na nyumba nzima ikaikusanyikia. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 wa Tanzania walijifunza kwa vikundi, redio ikiwa katikati yao. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Redio ile ilikuwa mwalimu.

Leo mwalimu huyo amenyamaza. Lakini kunyamaza si kufa. Mara nyingi ubovu wenyewe ni mdogo: chuma cha betri kimeshika kutu, au waya umekatika. Shida ni kulifungua boksi. Skrubu zimeganda, au kama wasemavyo mafundi, zimejemu. Hapo ndipo mtu huchukua nyundo, na hapo ndipo redio hufa kweli. Maana redio hizi hazitengenezwi tena. Boksi likipasuka, hakuna duka la kununua jingine.

Somo letu leo ni hili: kilichoganda hufunguliwa kwa subira, si kwa nguvu.

KWA NINI SKRUBU HUGANDA?

Chuma kikipata maji na hewa hufanya kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo. Kwa hiyo kutu ikiingia katikati ya meno ya skrubu, huvimba na kuibana. Unyevu wa majira ya mvua na ukungu wa asubuhi wa milima yetu vyatosha kabisa kuianzisha.

Lakini adui mkubwa ni betri iliyosahauliwa ndani. Betri kuukuu hupasuka na kutoa maji makali yanayokula chuma. Ukiona unga mweupe au ukoko wa kijani kwenye springi za betri, ujue ni kazi ya maji hayo.

Kishafti cha kuzungushia stesheni nacho huganda, ila sababu yake ni nyingine. Grisi ya kiwandani ikikaa miaka mingi hukauka, ikawa kama gundi.

VIFAA

Tafuta bisibisi bapa na bisibisi ya nyota za ukubwa mbalimbali, mafuta ya taa kidogo, mafuta ya cherehani, mswaki wa zamani, kitambaa, sindano na kisahani cha kuwekea skrubu.

HATUA ZA KAZI

1. Toa betri zote. Kama redio inatumia umeme wa ukutani, chomoa waya. Redio ya taa, yaani ile kubwa yenye taa za kioo ndani, usiifungue mwenyewe. Huweza kuhifadhi umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa. Mpelekee fundi.

2. Safisha kichwa cha skrubu. Kwaruza uchafu kwa sindano hadi mfereji wake uonekane wote. Bisibisi isiyoingia hadi chini itateleza na kula kichwa. Na kichwa kikishalika, kazi imekuwa mara kumi.

3. Chagua bisibisi inayojaa vizuri. Angalia redio za Kijapani, kama zile za National: skrubu zake za nyota zinatofautiana kidogo na za Kizungu. Bisibisi ya kawaida huweza kuzirukaruka. Jaribu kadhaa mpaka upate isiyocheza.

4. Tia tone moja la mafuta ya taa kwa ncha ya sindano. Tone moja tu, jamani! Mafuta yakimwagika huweza kuharibu plastiki, na yakifika kwenye uzi wa mshale wa stesheni, uzi utateleza. Petroli usitumie kabisa. Hula plastiki na huwaka upesi.

5. Acha mpaka kesho. Hatua hii wengi huiruka. Mafuta hupenya polepole kwenye kutu. Kesho tia tone jingine, ungoje tena.

6. Simamisha bisibisi wima, ukandamize kwa mkono, kisha kaza kidogo kabla ya kulegeza. Ndiyo, kaza! Kule kusogea kidogo huvunja ukoko wa kutu. Halafu legeza robo mzunguko, kaza tena, legeza tena. Kama skrubu imeshikwa na chuma, si plastiki, unaweza pia kugonga mgongo wa bisibisi taratibu.

7. Ikikataa bado, joto husaidia. Kwanza futa mafuta yote, uache yakauke siku nzima, mbali na moto. Kisha gusisha kichwa cha skrubu kwa chuma cha kulehemu, kile cha kuyeyushia risasi. Skrubu hutanuka, na ikipoa hujikunja, kutu ikaachia. Skrubu iliyoingia kwenye plastiki usiipashe moto, utayeyusha boksi.

Vishikio vya sauti na stesheni navyo husumbua. Kwanza chungulia ubavuni kama kuna skrubu ndogo iliyojificha. Kama haipo, kishikio hutoka kwa kuvutwa. Pitisha utepe wa kitambaa nyuma yake, shika ncha zote mbili, uvute sawasawa. Usikikongoe kwa bisibisi, utapasua uso wa redio.

Kishafti kilichoganda kitie tone la mafuta ya cherehani pale kinapoingia kwenye tundu lake. Kizungushe kidogo kwa vidole, kulia na kushoto. Usitumie koleo. Ndani kimeungana na uzi mwembamba na sahani laini za alumini.

KILICHOFUNGWA KWA MAKUSUDI

Ukishafungua, utaona ndani vijiboksi vidogo vya bati vyenye viini vya rangi: njano, cheupe, cheusi, chekundu. Vina mfereji kama skrubu, na pengine vimemiminiwa nta. Kumbe hivyo si skrubu zilizoganda! Vilipangwa kiwandani ili stesheni zisikike vizuri. Ukivizungusha, redio itapoteza masikio yake, na viini vyenyewe huvunjika upesi. Viache. Fundi hodari anajua kugandua. Anajua pia cha kuacha.

SPRINGI ZA BETRI

Betri za kawaida zikivuja, safisha kwa soda ya kupikia mandazi iliyokorogwa na maji kidogo. Zile zilizoandikwa "alkaline" zisafishe kwa siki au maji ya limau. Kisha futa kwa kitambaa chenye maji safi, ukaushe. Nawa mikono, usijiguse macho. Na kuanzia leo, redio isipotumika, betri zitoke nje.

Ndugu msomaji, huko Ulaya na Marekani wako watu wa redio za ridhaa, wanaoongea kwa mitambo yao wenyewe kutoka nchi hadi nchi. Wengi wao hukarabati mitambo ya kale kwa njia hizi hizi: tone la mafuta, joto kidogo na kungoja. Kwetu, redio yenye FM ikiamka itaweza kupata Radio Kwizera, iliyoanzishwa hapa Ngara mwaka 1995. Kwizera, kwa Kirundi na Kinyarwanda, maana yake ni kutumaini.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini kutu huibana skrubu?
2. Kwa nini tunakaza kidogo kabla ya kulegeza?
3. Ni vitu gani ndani ya redio havifai kuzungushwa, na kwa nini?
4. Katika kijiji chenu ziko redio ngapi zilizonyamaza? Nani ataanza kutoa betri zilizomo?