Tuamini Nini juu ya Vinu vya Atomiki?

Mara nyingi twasikia ya kwamba nchi fulani yajenga vinu vya atomiki, na wakuu wake huapa kuwa nia yao ni umeme na dawa tu. Msikilizaji aamini nini? Twapenda kueleza jinsi jambo hili lipimwavyo, nasi tutatwaa mfano wa Afrika ya Kusini, nchi ya pekee iliyounda mabomu yake yenyewe kisha ikayavunja yote.

Yafaa kwanza kuijua urani. Katika kila chembe elfu za madini hayo, saba tu ndizo zinazofaa kuwasha moto wa atomiki. Kuyarutubisha ni mfano wa kupepeta kwa ungo: makapi hutoka, chembe njema hubaki. Tuseme tunazo chembe 1,000. Tukitoa 825, zitabaki 175, na zile saba zitakuwa asilimia 4, kiasi kifaacho kinu cha umeme. Tukipepeta mpaka zibaki 35, tumefika asilimia 20. Sasa msomaji na aangalie vema: kutoka hapo mpaka urani ya bomu, yaani yapata asilimia 90, zimesalia chembe 27 tu za kutoa. Sehemu kubwa ya kazi imekwisha kufanyika, nayo imefanyika kwa jina la amani. Basi aulizaye, "Je, wanalo bomu?" amechelewa. Angeuliza kwanza wamepepeta kiasi gani, na mpaka wapi.

Mwaka 1970 Waziri Mkuu Vorster alitangaza ya kuwa wataalamu wake wamevumbua njia yao ya kurutubisha urani, kwa ajili ya amani. Kinu kikajengwa Valindaba, karibu na Pretoria. Mwaka 1977 setilaiti ya Warusi iliona matayarisho ya kujaribu bomu katika jangwa la Kalahari. Serikali ikasema haina nia hiyo. Tarehe 24 Machi 1993 Rais de Klerk akakiri Bungeni: mabomu sita yaliundwa, nayo yamekwisha kuvunjwa. Yalikuwa ya namna ile ya Hiroshima, ambayo yaweza kuundwa pasipo kujaribiwa kwanza. Kutosikia mshindo, basi, si ushahidi.

Neno la Rais halikutosha, wala halikupaswa kutosha. Nchi yake ilikuwa imetia sahihi Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia mwaka 1991, na wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki walifunguliwa milango. Walisoma daftari za kazi za kinu, wakalinganisha urani iliyoingia na iliyotoka, wakahesabu hata makapi. (Mweka hazina yeyote wa chama cha ushirika aijua kazi hii.) Hesabu za kwanza zilionyesha pengo, wakazirudia mpaka wakaridhika. Mashimo ya Kalahari yakazibwa mbele ya macho yao.

Lakini mabomu yalivunjwa. Urani yake haikutoweka. Iliyeyushwa, ikawekwa Pelindaba chini ya ukaguzi. Shirika huhesabu kwamba kilo 25 za urani ya namna hiyo zaweza kutosha bomu moja. Novemba 2007 watu wenye silaha walipita ua wa umeme wa Pelindaba, wakampiga risasi mfanyakazi mmoja, kisha wakatoroka pasipo kuigusa.