Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Je, Twende Pwani Wakati wa Maradhi?

Wazee wetu husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Maana yake ni kwamba mgeni akifika, mwenyeji naye hupata nafuu: chakula kizuri hupikwa, habari mpya husikiwa, na huzuni ya nyumba hupungua. Lakini upo wakati ambapo methali hii hugeuka, mgeni akaja na mwenyeji akaugua. Ni wakati wa maradhi ya kuambukiza yanayoenea katika nchi nyingi kwa pamoja. Katika somo hili nataka kueleza jinsi mtu awezavyo kuamua kama afunge safari ya matembezi au akae kwake, maradhi ya namna hiyo yanapokuwapo. Nimechagua safari ya kwenda Mombasa, kwa kuwa ndiyo bahari tuliyoizoea kuitaja sisi watu wa Jinja na Mbale, ingawa iko katika nchi nyingine. Na pia kwa sababu shauri kama hilo lililetwa katika jamaa yetu mwaka 2020.

Njia ya watu ni njia ya maradhi

Jambo la kwanza kukumbuka ni kwamba maradhi hayana miguu. Huchukuliwa na watu, katika njia zilezile wanazozipita watu. Mwaka 1918, Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa ikiisha, mafua makali yaliizunguka dunia yote yakaua mamilioni ya watu. Katika Afrika Mashariki yaliingia kwa bandari ya Mombasa, yakapanda bara pamoja na reli. Wakati ule reli hiyo ilikuwa ikiishia Kisumu, na msafiri wa kuja Jinja alipanda meli ya ziwani. Siku hizi malori na mabasi ya kutoka Mombasa huingia Uganda kwa Malaba au Busia, yakafika Jinja. Na anayekwenda Mbale hugeukia kaskazini Tororo. Njia imebadilika, lakini kanuni ni ileile.

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba korona imekwisha kuwa janga la dunia nzima. Siku mbili baadaye Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza, na tarehe 21 Machi Uganda nayo ikatangaza wake. Shule zetu zilikuwa zimefungwa siku moja kabla, wala hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Kuanzia Aprili mpaka mapema Julai 2020, serikali ya Kenya ilikataza watu kuingia na kutoka Mombasa.

Shauri lililoletwa kwetu

Mwishoni mwa Novemba 2020, nilipokuwa na miaka 14, baba yangu mdogo, mfanya biashara wa Jinja, alimletea baba yangu shauri huko kwetu Mbale. Alitaka kuwachukua watoto wa nyumba zote mbili, jumla sita, twende Mombasa kwa basi, tukae siku tano, kisha turudi tarehe 23 Desemba, ili tule Krismasi Mbale kwa nyanya. Nyanya alikuwa amepita miaka 70, naye alikuwa na ugonjwa wa sukari na pumu.

Sababu za baba mdogo hazikuwa za kipuuzi. Alisema watoto wamekaa ndani miezi minane bila shule na wamekwisha kudhoofika mioyo. Alisema vyumba vya hoteli vimeshuka bei, na ya kuwa wapishi, madereva na wavuvi wa Mombasa wamekosa mapato kwa kukosa wageni, basi kwenda huko ni kuwasaidia. Tena alisema kwamba tangu tarehe 1 Oktoba serikali yenyewe imewaruhusu watalii kupita wakiwa na cheti cha kupimwa. Aliuliza, "Kama serikali imefungua mlango, mimi ni nani niufunge?"

Baba hakumjibu kwa ukali. Alichukua karatasi, akaandika maswali, nasi tukakaa kuyajadili. Tangu siku ile nimeyapanga upya kuwa matano.

Maswali matano

Swali la kwanza: Maradhi haya husafiri kwa njia gani? Watu wa Jinja wanao mfano wao wenyewe. Tangu mwaka 1900 hivi, ugonjwa wa malale uliingia Busoga na kando ya Ziwa Viktoria, ukaua zaidi ya watu 200,000 katika Uganda. Mwaka 1903 David Bruce na wenzake walionyesha kwamba unaenezwa na mbung'o, nzi anayekaa vichakani karibu na maji. Kwa hiyo Gavana Hesketh Bell, aliyeanza kazi yake mwaka 1906, aliamuru watu wahamishwe kutoka kando ya ziwa. Wakati ule ufuo wenyewe ndio uliokuwa na hatari. Korona si hivyo. Korona hutoka katika pumzi ya mgonjwa, nayo hupata nguvu mahali palipofungwa, penye watu wengi na hewa kidogo. Basi ufuo wa bahari wenye upepo hauna hatari kubwa. Hatari imo katika basi lililofungwa madirisha usiku kucha, katika foleni ya mpakani, katika chumba kimoja cha kulala watu sita. Anayeuliza kama bahari ni salama amesahau safari ya zaidi ya kilomita 1,000 iliyo kati yake na bahari.

Swali la pili: Safari hii ni ya haja au ya hamu? Mwaka 2020 malori yalipanga foleni ya kilomita nyingi Malaba na Busia, madereva wakingoja majibu ya vipimo. Watu wengine waliwatenga wakiwaita waleta maradhi, huku wakitumia mafuta na bidhaa zilizoletwa na madereva haohao. Safari yao ilikuwa ya haja, yao na yetu. Yetu ilikuwa ya hamu. Sisemi kwamba hamu ni kitu kibaya. Mtoto aliyefungiwa miezi minane anahitaji furaha kama anavyohitaji uji. Lakini haja hairudishwi nyuma kwa urahisi, na hamu yaweza kutafutiwa njia nyingine.

Swali la tatu: Nikiugua huko, nitalala kitanda cha nani? Tarehe 7 Desemba 2020 wauguzi na matabibu wa hospitali za serikali katika Kenya walianza mgomo, na tarehe 21 madaktari nao wakagoma. Mgeni ambaye angeugua siku zile angetafuta kitanda ambacho hata mwenyeji hakukipata. Hapa ndipo hoja ya baba mdogo juu ya wafanya kazi wa hoteli ilipojadiliwa sana. Ni kweli walihitaji fedha zetu. Lakini mpishi hawezi kumwambia mgeni anayekohoa, "Ondoka mezani kwangu." Atamhudumia, kisha jioni atarudi kwa watoto wake. Sioni kwamba swali hili lina jibu rahisi, maana mtu aweza kudhurika kwa kukosa mshahara kama anavyodhurika kwa maradhi.

Swali la nne: Nikirudi, narudi kwa nani? Mtu aliyeambukizwa korona aweza kukaa siku kadhaa, hata 14, kabla ya kujisikia mgonjwa. Na wengine, hasa vijana, hawajisikii kabisa, lakini huambukiza. Cheti cha kipimo hueleza hali ya siku ile mtu alipopimwa. Hakijui habari za basi atakalolipanda baadaye. Sisi tungerudi tarehe 23, na siku mbili baadaye tungekaa mezani na mzee mwenye pumu. Swali hili ndilo lililokata shauri. Wengi wetu hupima hatari kwa kujitazama wenyewe: "Mimi ni kijana, nitapona." Lakini kijana si mwisho wa njia. Mwisho wa njia ni yule atakayempokea nyumbani.

Swali la tano: Jambo hili laweza kungoja, na kama laweza, tungoje nini? Kungoja bila kujua unangoja nini ni sawa na kukataa. Sisi tulijua. Tarehe 2 Desemba 2020 Uingereza ilikubali chanjo ya korona itumiwe, ikawa dhahiri kwamba chanjo itafika kwetu pia, ingawa hatukujua siku.

Uamuzi na gharama yake

Baba alimwambia ndugu yake hivi: "Ukitaka bahari, nenda na watoto wako, kisha mkirudi kaeni Jinja siku kumi na nne bila kuja kwa mama. Ukitaka Krismasi kwa mama, acha bahari. Mwaka huu hatuwezi kupata vyote viwili." Angalieni kwamba hakumkataza. Nyumba ya Jinja haikuwa na mzee wala mgonjwa, na kwa mizani ileile ingeweza kupata jibu lingine. Baba mdogo alifikiri siku mbili, akachagua Krismasi. Tulikula nje chini ya mwembe, madirisha ya nyumba yamefunguliwa, na hakuna mgeni aliyelala chumba kimoja na nyanya.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama. Baba mdogo alipoteza fedha za chumba alizokwisha kulipa. Na dada yetu mkubwa, binti yake wa kwanza, aliyekuwa akiingoja safari kuliko sisi sote, hakuiona bahari. Tulipokwenda Mombasa hatimaye, Agosti 2023, yeye alikuwa amekwisha kuolewa na hakupata ruhusa kazini. Mpaka leo hajaiona.

Chanjo zilianza kutolewa Uganda tarehe 10 Machi 2021, na nyanya alichanjwa mwaka uleule. Yu hai hata sasa. Lakini siwezi kuandika kwamba yu hai kwa sababu hatukwenda. Huenda tungekwenda na kurudi salama. Hili nataka wenzangu walishike vizuri: uamuzi haupimwi kwa yaliyotokea baadaye. Mtu aweza kuvuka barabara amefumba macho akafika ng'ambo, na bado hakuvuka kwa akili. Uamuzi hupimwa kwa yale yaliyoweza kujulikana siku ile, na kwa watu waliokumbukwa katika hesabu.

Maradhi mengine, majibu mengine

Mtu asije akadhani kwamba jibu ni kukaa nyumbani kila mara. Tarehe 20 Septemba 2022 Ebola ilitangazwa Mubende. Mwezi wa Novemba ikafika Jinja, na shule zote za nchi zikafungwa mapema tarehe 25 Novemba. Mpaka ilipotangazwa kwisha, tarehe 11 Januari 2023, wagonjwa 142 walikuwa wamethibitishwa na 55 kati yao wamekufa. Tarehe 30 Januari 2025 Ebola ilitangazwa tena, na mara hii Mbale iliguswa. Ilikwisha tarehe 26 Aprili. Mwezi wa Februari ule mimi nilikuwa mtu wa Mbale anayeogopwa: rafiki yangu wa Kampala aliniomba nisimtembelee.

Tuitumie mizani yetu. Ebola haiambukizwi na mtu ambaye bado hajaanza kuugua. Huambukizwa kwa kugusa damu, matapishi au majimaji mengine ya mgonjwa, au maiti yake. Kwa hiyo mtu wa Mbale ambaye hakumkaribia mgonjwa hakuwa hatari ndani ya basi. Lakini yule aliyemgusa mgonjwa ilimpasa akae siku 21 bila kusafiri, hata kama safari yake ilikuwa ya haja kubwa. Maswali ni yaleyale matano. Majibu yamebadilika kwa sababu jibu la swali la kwanza limebadilika.

Maswali ya kujadili darasani

1. Mwenye hoteli asema, "Msipokuja, watu wangu watalala njaa." Je, iko njia ya kumsaidia mwenyeji bila kumpelekea maradhi?

2. Serikali ikiruhusu jambo, je, raia amemaliza wajibu wake wa kufikiri?

3. Katika nyumba yenu, ni nani aliye mwisho wa njia? Mtajeni kabla ya kuijadili safari yenyewe.