Taka za bwawa la samaki: Mboji inalipa wapi?

Mwaka 2022 bei ya mfuko wa kilo 50 wa yurea ilivuka shilingi 100,000, na Serikali ikaingiza ruzuku iliyoushusha hadi shilingi 70,000 kwa msimu wa 2022/2023. Bei zikipanda namna hiyo, mwenye bwawa la perege kati ya Tengeru na Usa River hushawishika kuamini kwamba tope na matumbo ya samaki ni mgodi. Kabla ya kununua toroli na turubai, hesabu ifanywe.

Hesabu inaanzia kwenye chakula, ambacho mara nyingi humeza zaidi ya nusu ya gharama zote za ufugaji. Samaki hubakiza mwilini kama robo mpaka theluthi tu ya naitrojeni iliyomo katika chakula hicho. Nyingine huenda majini na kwenye tope. Kwa lugha ya dukani, mfugaji amelipia mzigo mzima, ameuza robo yake, na robo tatu zimelala bwawani.

Chukua mfano wa bwawa la mita za mraba 300 lililotoa kilo 150 za perege kwa mwaka, kila kilo ikiwa imegharimu kilo mbili za chakula. Zimeingia kilo 300. Chakula chenye protini asilimia 30 kina naitrojeni asilimia 4.8, yaani kilo 14.4. Samaki wameondoka na kilo nne hivi. Zimebaki kilo kumi na ushee. Mfuko wa yurea una kilo 23. Utajiri wote wa mwaka mzima, basi, haufikii hata nusu mfuko, na kwa bei ile ya ruzuku ni kama shilingi 32,000. Hapo haijatolewa inayopotea hewani.

Matumbo nayo si mengi. Perege anapouzwa mzima, baada ya kuparuliwa na kutumbuliwa, taka ni kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Anayetoa minofu hubakiwa na karibu theluthi mbili, lakini hizo zina mteja wake: Mwanza, mapanki ya sangara yamekuwa kitoweo na chakula cha mifugo kwa miaka mingi. Kichwa chenye mnunuzi hakifukiwi. Na anayefikiria kukusanya taka za wauza samaki wa mjini ajue kwamba tani nzima, ikiwa mbichi, ina naitrojeni ya mfuko mmoja wa yurea na kidogo juu yake. Gari litamla faida kabla hajafika shambani.

Faida iko kwingine. Kwanza ni maji yenyewe: yakifunguliwa kwenye migomba au bustani ya mboga yanabeba mbolea iliyoyeyuka bila kibarua wala lori. Yasirudishwe kwenye mfereji, maana mifereji ya Meru ina watumiaji wengine chini, na ugomvi wa maji hauna bei.

Pili ni kitalu. Mwenye vitalu vya miche ya kahawa, maua au miti hanunui naitrojeni. Ananunua udongo mwepesi, usionuka, unaoshika unyevu, naye hulipa kwa debe au kwa gunia. Hapo tope la bwawa lililokaushwa, ambalo kwa hesabu ya yurea ni kitu kidogo sana, linapata thamani kama sehemu ya mchanganyiko. Udongo wa volkano wa Meru una tabia ya kuing'ang'ania fosforasi hadi mmea uikose, na mboji husaidia kuilegeza. Wengine huchanganya na unga wa fosfeti ya Minjingu, ambayo yenyewe, kwa asili, ni kinyesi na mifupa ya ndege wa ziwani waliokula samaki enzi za kale.

Kutengeneza si kazi ngumu, ila haitaki uvivu. Taka za samaki zina naitrojeni nyingi mno. Zikirundikwa peke yake huoza na kunuka. Debe moja lichanganywe na madebe matatu ya maranda, maganda ya kahawa au mabua yaliyokatwakatwa. Chini liwekwe tabaka nene la maranda, samaki wakae katikati, juu wafunikwe kwa sentimita 30 ili mbwa na nzi wasipate njia. Unyevu uwe wa kitambaa kilichokamuliwa. Ndani ya siku chache lundo hupanda joto, na linatakiwa lifike nyuzi 55 na kukaa hapo siku tatu au zaidi ili vijidudu vife. Joto likishuka, lipinduliwe lipande tena. Baada ya hapo ni kungoja miezi mitatu hadi sita. Mtaji unaolala miezi sita nao ni gharama, na wauzaji wapya huisahau. Likiuzwa mapema, lundo bichi huunguza miche, na mwenye kitalu aliyepoteza miche harudi.

Anayetumia mboji kwake hahitaji ruhusa ya mtu. Anayefunga magunia na kuuza kama mbolea anaingia chini ya Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009, yenye masharti ya usajili wa bidhaa na leseni ya muuzaji, na gharama hiyo inatakiwa iwe kwenye daftari kabla gunia la kwanza halijashonwa.