Shangazi, umeneja wamempa niliyemfundisha kazi

*Nina miaka 33, mama wa mtoto mmoja. Nasimamia mawakala wa kampuni moja ya simu, Songea hadi Mbinga. Ilipotangazwa nafasi ya meneja wa eneo nikaomba, nikasailiwa kwa video na mabosi wa Dar es Salaam. Niliwaeleza jinsi mawakala walivyoishiwa keshi msimu wa kahawa, nikapanda bodaboda usiku kuwapelekea. Mmoja akauliza nikisafiri mtoto nitamwacha na nani. Nafasi kapewa kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe. Mimi nimeambiwa "bado hujaiva". Sasa kampuni nyingine imeniita kwenye usaili. Niende, au nitulie?*
*Niliyerukwa, Bombambili*

Mwanangu, fedha za watu, usiku, juu ya bodaboda, kwenye kona za Umatengo? Usirudie.

Swali la mtoto halikuwa na kazi pale. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa jinsia, ujauzito au hali ya ndoa, na inamlinda hata anayeomba kazi. Ukiona ndilo lililokunyima nafasi, watu wa CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wapo, ila mgogoro wa namna hiyo hufikishwa kwao ndani ya siku 60. Likiulizwa tena huko uendako, sema safari za kazi unazimudu, kisha rudi kwenye kazi.

Ila nadhani kilichokuponza zaidi ni hiyo bodaboda. Wao walikuwa wanatafuta meneja, wewe ukawaonyesha msimamizi hodari. Mkulima akilipwa kwa simu, anataka noti mkononi, na jirani yake vilevile. Floti ya wakala inajaa, droo inabaki tupu. Jambo hili linajulikana tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, na msimu hauji kwa kushtukiza. Usiku ule uliwafikia mawakala wangapi? Na waliobaki je? Walitaka kusikia kama uliangalia miamala ya msimu uliopita, ukaongea na benki mapema, ukamweka wakala mkuu karibu na wakulima, ukamkabidhi nani Mbinga wakati wewe uko Songea. Nahisi mengi ya hayo uliyafanya, ukanyamaza kwa kuyaona ya kawaida. Chukua daftari, uyaandike na tarakimu zake: mawakala wangapi walikuwa wakifunga mapema, na wangapi baada ya mpango wako.

Kwenye usaili mpya watakuuliza pia kuhusu mtu uliyeshindwa kumsimamia. Usiseme hujawahi kumpata. Msailiwa anayedai timu yake yote ni malaika huwa hajasimamia mtu. Na hapo ujiulize mwenyewe: uko tayari kumwondoa wakala ambaye mnasali kanisa moja? Kushinda mbele ya kompyuta na kikao cha tageti, badala ya kuzunguka vibandani? Wapo waliopanda cheo wakaikosa raha ya kazi. Hilo siwezi kukujibia.

Huyo kijana hakukuibia kitu; mfundishe, lakini ndani ya saa za kazi. Halafu waandikie barua pepe mabosi wako wa "hujaiva" wakueleze ni kipi hasa kilipungua. Wakishindwa kukitaja, umepata jibu la kama ukae.

Usaili nenda. Usiwaseme ulikotoka, hata wakikuchokoza. Barua ya kuacha kazi isitoke kabla mkataba mpya haujasainiwa, na ukumbuke kwa anayelipwa kwa mwezi notisi si chini ya siku 28. Wakifika kwenye "una swali lolote?", uliza eneo lako linaishia wapi, maana Mbamba Bay na Tunduru zote ni Ruvuma, na uliza kama kuna gari.