Namna Waarabu walivyoutwaa mji wa Alexandria

Tazameni karta ya Afrika. Kaskazini kabisa, karibu na pale mto Nili unapoingia katika bahari ya Mediterania, mtaona Alexandria. Alexander Mkuu aliuanzisha mji huu mwaka 331 mbele ya Kristu. Upande mmoja kuna bahari, upande wa pili ziwa. Penye bandari palisimama mnara wa mawe, urefu wake zaidi ya meta 100. Usiku moto uliwaka juu yake, mabaharia wauone toka mbali. Merikebu zilipakia ngano ya Misri na kuipeleka Konstantinopoli, kwa Kaisari wa Waroma.

Mwishoni mwa mwaka 639 Waarabu waliingia Misri. Jemadari wao, Amr ibn al-As, alikuwa na askari kama 4,000 tu. Baadaye wakaja wengine kumsaidia. Mwaka 640 waliwashinda Waroma penye Heliopolis. Aprili 641 walitwaa ngome ya Babiloni kando ya Nili. (Hiyo siyo Babiloni ya Biblia.)

Lakini Alexandria, nani angeuvunja? Kuta zake zilikuwa imara, na Waarabu hawakuwa na merikebu. Chakula na askari viliweza kuletwa siku zote kwa njia ya bahari.

Ugonjwa ulikuwa ndani. Wakristu wa Misri waligawanyika tangu mtaguso wa Kalsedonia, mwaka 451. Wakopti hawakuyakubali mafundisho yake, naye Kaisari Heraclius alitaka kuwageuza kwa nguvu. Mwaka 631 alimtuma Cyrus, awe patriarka na liwali pamoja. Cyrus aliwatesa Wakopti miaka kumi. Patriarka wao, Benjamin, alikimbia akajificha katika monasteri za jangwani. Watu waliopigwa hivyo na bwana wao, watakubali kumfia vitani? Tena Heraclius alikufa Februari 641, na huko Konstantinopoli wakubwa wakaanza kugombania kiti chake.

Basi Cyrus akaenda Babiloni kupatana na Amr. Novemba 641 wakafanya mkataba: vita isimame miezi 11; askari wa Waroma waondoke; wenyeji walipe kodi; makanisa yasiguswe; Wayahudi wakae kwa amani. Watu wa mji waliposikia waliwaka hasira, wakataka kumpiga Cyrus kwa mawe. Yeye akawasihi kwa machozi, wakakubali. Alikufa Machi 642. Septemba Waroma walipanda merikebu zao wakaenda, na Amr akaingia mjini pasipo vita. Benjamin akatoka mafichoni, na Amr akampokea kwa heshima.

Mwaka 645 merikebu za Kaisari zilirudi ghafula zikautwaa mji. Mwaka 646 Amr akaja tena. Safari hii hapakuwa na mapatano: watu wengi waliuawa, na kuta zikabomolewa.

Wengine husimulia kwamba Waarabu waliichoma nyumba kubwa ya vitabu ya Alexandria. Habari hiyo iliandikwa zaidi ya miaka 500 baadaye, na wenye elimu wengi hawaisadiki.

Waarabu hawakuufanya Alexandria kuwa mji mkuu wao. Walijenga mji mpya, Fustat, karibu na ngome ya Babiloni, mahali ulipo mji wa Kairo leo. Na ngano ya Misri, iliyokuwa ikienda Konstantinopoli, ikaanza kupelekwa Arabia.